Malango Mawili Katika Nyumba Moja

Tuliitwa Meru kusuluhisha ugomvi wa nyumba. Hatukuitwa kutengeneza mtandao. Bi mkubwa mmoja katika jamaa zetu, mjane aliyeolewa huko bara tangu ujana wake, alitupigia simu kutuarifu kwamba mpangaji wake mmoja anawaibia intaneti, na kwamba amekwisha kumpa notisi ya kuhama mwisho wa mwezi. Alichokitaka kwetu ni kushuhudia tu, isije ikasemwa baadaye kuwa mgeni alidhulumiwa katika nyumba ya Waislamu. Tukaliona neno hilo ni zito, tukafunga safari.

Kutoka Mombasa hadi Meru ni mbali kwa mtu wa umri wetu, kwa hiyo tukalala Embu kwa binti wa huyo Bi mkubwa. Nako tukakuta hapana intaneti tangu jana yake, na watoto wamenuna. Kwa kuwa makala zetu twazichapa wenyewe kwenye kompyuta, watu hutudhania kuwa tu mafundi. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, hatukuikanusha dhana hiyo upesi. Tukakizima kisanduku na kukiwasha mara nne. Kisha tukatwaa pini ya mtandio, tukalibonyeza lile tundu dogo la nyuma mpaka taa zote zikazimika na kuwaka upya.

Lilikuwa kosa. Tundu lile halitibu kitu, hufuta. Hukirudisha kifaa katika hali kilivyotoka kiwandani, na kupoteza jina la mtandao, nenosiri, na pengine mipangilio iliyowekwa na kampuni ili kifaa kitambulike huko kwao. Ilhali jibu lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yetu. Katika visanduku vya faiba kuna taa yenye herufi LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake ni kwamba mwanga haukifikii kifaa. Kwani kinachopita katika uzi ule wa kioo si umeme, ni mwanga. Na mwanga hupita vizuri katika uzi uliolala kwa mkunjo mpana, lakini uzi ukikunjwa kama karatasi, mwanga huvujia nje. Tulipolisogeza kabati tukaukuta uzi umebanwa ukutani. Kumbe siku moja kabla kabati lilisukumwa ili sakafu ioshwe. Tukaunyoosha, na taa nyekundu ikazimika papo hapo. Kazi ya dakika mbili ilikuwa imekwisha, ikabaki kazi ya saa nzima ya kuzungumza na kampuni kwa simu ili warudishe yale tuliyoyafuta kwa pini.

Mwenyeji wetu alikuwa na malalamiko mengine, ya umeme. Embu si mbali na mabwawa ya mto Tana, lile la Kindaruma la mwaka 1968, kisha Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Na bado umeme hukatika hapo mvua inaponyesha, kama unavyokatika kwetu. Tulimshauri jambo moja, nalo twawashauri wasomaji wote: radi inapounguruma, usitosheke kuzima kitufe, bali chomoa adapta ukutani. Umeme unaporudi kwa kishindo huiunguza adapta kwanza, na ruta ambayo adapta yake imedhoofika huendelea kuwaka taa huku ikijizima na kujiwasha yenyewe, na mwenyewe akadhani kampuni inamchezea.

Asubuhi alitupa mzigo mdogo wa kumpelekea mtoto wa kaka yake aliye Meru kwa bibi yake. Lilikuwa boksi tupu la ruta. Ruta yenyewe, ile waliyoitumia kabla ya kuja kwa faiba, kijana alikwisha kuichukua wakati wa likizo. Boksi na karatasi ya maelekezo vilisahaulika. Tukalitia mkobani, hatukulifungua.

Tukaipita Runyenjes, tukaipita Chuka, tukalivuka daraja la Nithi huku midomo yetu ikisoma dua, na baada ya Nkubu tukaingia Meru kabla ya alasiri. Nyumba iko mtaa wa Majengo. Wasomaji wetu wa pwani wangeitambua bila ya kuelekezwa, kwa kuwa ni nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma. Embu ilifanywa kituo cha serikali ya kikoloni mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, na miji ya namna hiyo ilipokua, Waislamu waliofuata biashara na kazi za serikali walijenga kwa ramani waliyoijua. Ndiyo maana majina ya Majengo yametapakaa bara nzima. Ukumbi ule ulioundwa ili watu wapishane na kusalimiana, leo umekuwa njia ya kebo.

Mpango wao ulikuwa huu. Laini moja ya faiba ya megabiti 10 kwa sekunde imeingia mbele, chumbani kwa Bi mkubwa. Yeye na wajukuu wake wanatumia vyumba vitatu, na wapangaji watatu wana chumba kimoja kimoja. Kila mpangaji huchangia fungu lake pamoja na kodi. Kwa mwaka mzima hapakuwa na neno. Kisha, baada ya likizo, ikaanza ajabu: karibu na magharibi simu zinaonyesha waifai imeshika, alama imejaa, lakini hakifunguki kitu. Si simu zote. Leo huyu, kesho yule. Bi mkubwa ana mtoto wa kiume anayefanya kazi Ghuba, baba wa wale wajukuu, na saa ya kupumzika kwake ni baada ya isha. Siku tisa mfululizo hakuweza kumwona mama yake kwa video, na mama mwenyewe alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa jicho. Mjukuu wa kike alikuwa akisomeshwa tajwidi kwa njia ya mtandao na mwalimu wake aliye Lamu, masomo yakavunjika. Haya si mambo ya mchezo, ndugu msomaji.

Mshukiwa alikuwa kijana wa Kimeru kutoka upande wa Nkubu, fundi wa simu, Mkristo, mpole wa maneno. Ushahidi dhidi yake ulikuwa mmoja, na tulipousikia ulitutia mashaka hata sisi: kila mtandao unapokatika kwa wengine, kompyuta yake haikatiki. Mpangaji mwenzake aliingia chumbani mwake zaidi ya mara moja akamkuta anafanya kazi kwa raha, wakati nyumba nzima iko gizani. Naye ni fundi. Watu wakaunganisha moja na moja.

Tukakaa ukumbini baada ya magharibi, wote. Mpangaji wa pili, mwalimu wa shule, alijaribu kupoza mambo. Alisema huenda ni nyaya za baharini, kama ilivyokuwa mwezi wa Mei mwaka 2024. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Intaneti inayofika Meru aghalabu hutua kwanza kwetu Mombasa. Mwaka 2009 ulitua uzi wa TEAMS, uliolazwa baharini kutoka Fujairah, karibu kilomita 5,000, na mwaka huohuo ukaja wa SEACOM. Kabla ya hapo Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa bei ya juu na mwendo wa kobe. Na tarehe 12 Mei 2024 nyuzi mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Kenya na Tanzania. Lakini tulimjibu mwalimu kwamba uzi wa baharini ukikatika hauchagui chumba. Huwezi kumkosesha bibi na kumwachia mpangaji, katika nyumba moja, kwenye laini moja.

Tukamgeukia Bi mkubwa, tukamwomba atutajie nyakati, si watu. Akataja jioni zote za siku za shule. Kisha akasema, "Na Jumamosi, Shekhe, hukatika tangu asubuhi. Na Jumapili vilevile."

Tukamuuliza kijana: "Jumamosi wewe huwa wapi, mwanangu?"

"Dukani, mzee. Kuanzia saa mbili mpaka usiku. Na kompyuta huwa naenda nayo."

Ukumbi ukanyamaza. Mtu asiyekuwapo, na chombo chake hakipo, vipi ataukata mtandao asubuhi ya Jumamosi? Bi mkubwa aliishusha miwani yake akamtazama kijana, na hakusema kitu. Twakiri kwamba kama tungeanza kwa kumhoji yeye, na si saa za tukio, tungekesha.

Bado tulihitaji kujua sababu, maana mashaka yasiyopewa jibu hurudi kesho yakiwa makali zaidi. Tulichukua daftari na simu tatu: ya bibi, iliyokuwa imekatika wakati uleule, ya mjukuu wa kike, iliyokuwa ikifanya kazi, na ya mwalimu, iliyokuwa imekatika. Kwenye mipangilio ya simu, mahali pa waifai, ukiligusa jina la mtandao uliounganishwa utaonyeshwa anwani ya simu yako na anwani ya lango, yaani ruta inayoitoa nje. Tukaandika. Simu ya mjukuu: 192.168.1.14, na lango lake 192.168.1.1. Simu ya bibi: 192.168.0.104, na lango lake 192.168.0.1. Simu ya mwalimu nayo ilikuwa na lango kama la bibi.

Tuliyaangalia maandishi yetu wenyewe kwa muda. Nyumba ina laini moja ya intaneti. Vipi iwe na malango mawili?

Hapo yule fundi, aliyekuwa kimya muda wote kwa kuwa kila alipotaka kukigusa kile kisanduku cha mbele aliambiwa asikikaribie, alisogea akasoma daftari begani kwetu. "Kuna ruta nyingine humu ndani," akasema. Nasi kwa kuchelewa tukakumbuka mkoba. Tukatoa lile boksi la Embu, tukaligeuza chini. Kwenye karatasi iliyobandikwa palikuwa na anwani ya ruta: 192.168.0.1.

Mjukuu wa kiume, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa amesimama mlangoni. Hakungoja kuulizwa. Chumba chake ni cha mwisho, karibu na uani, na waifai ilikuwa haimfikii sawasawa. Kosa si lake kwa hilo: kuta za mawe huyala mawimbi, hasa yale ya gigahezi 5, ambayo hukimbia sana lakini huchoka upesi kuliko ya gigahezi 2.4. Basi akavuta kebo kutoka kisanduku cha mbele, akaipitisha pembeni mwa ukumbi chini ya mkeka, akaichomeka kwenye ruta ya shangazi yake. Huiwasha akirudi shule, na mwisho wa juma huiwasha kutwa nzima. Mtandao wa chumbani kwake haukushika kama alivyotarajia; alidhani ni kwa sababu ya huyohuyo mpangaji, kama walivyodhani wote, akaiacha ikiwaka akitumaini itashika.

Wasomaji wengi huuliza kwa nini waifai ionyeshe imeshika na kitu kisifunguke. Jibu lake ni hili. Simu inapoingia katika mtandao wa nyumbani huwa haina anwani; hupiga ukelele kuiomba, na ruta huijibu kwa kuiazima anwani kwa muda na kuionyesha lango la kutokea. Mfano wake ni karamu ya walima. Pana mtu mmoja mlangoni anayewapokea wageni na kuwaonyesha jamvi la kukaa, na sinia huletwa kwa waliokalishwa naye. Sasa aje mtu wa pili, asiyejuana na wa kwanza, asimame ubavuni naye apokee wageni. Mgeni humfuata aliyemwahi kwa salamu. Waliopokewa na yule wa pili wamekaa, jamvi wanalo, maji ya kunawa yamepita, lakini sinia haliji, kwa kuwa jikoni hawamjui. Ndivyo ilivyokuwa. Kebo ilichomekwa katika moja ya matundu ya kugawia badala ya tundu la kupokelea, ambalo kwa kawaida hutengwa pembeni au hupewa rangi yake. Ruta ya pili ikawa inagawa anwani katika nyumba nzima, na yenyewe haina njia ya kwenda popote. Nani atapata anwani ya kweli na nani ya bure likawa jambo la nani kajibiwa kwanza.

Na kompyuta ya fundi? Kwa kazi yake ya kupakia programu kwenye simu, alikwisha kuiandikia anwani kwa mkono, 192.168.1.50, na lango la kweli. Haikuwa ikiomba anwani kwa yeyote, basi haikuweza kupotezwa. Kilichomtia hatiani ndicho kilichokuwa dalili ya ugonjwa.

Hatukutengeneza kitu kwanza. Tulichomoa ile ruta ya pili peke yake, tukangoja, kisha kila mmoja akazima waifai ya simu yake na kuiwasha. Simu zote tatu zikapata 192.168.1, na zote zikafunguka. Tukairudisha ruta, na katika dakika chache simu ya mwalimu ikapotea tena. Kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kukirudisha ili kuona kama ubaya unarudi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kujua na kubahatisha. Tungeliifanya hivyo Embu tusingelitumia pini.

Kisha tukampa fundi nafasi, naye alifanya kazi mbele ya wote, akisema kila anachokigusa. Aliiunganisha kompyuta yake kwenye ruta ya pili kwa kebo, akaifungua kwa ile anwani yake, akaizuia isigawe anwani, na yenyewe akaipa anwani mpya, 192.168.1.2, ili isigongane na ya mbele. Kebo akaiacha katika tundu la kugawia, maana sasa ruta ile haikuwa tena ruta, ni tawi tu la ile ya mbele. Alieleza kwamba njia ya pili ingekuwa kuihamishia kebo tundu la kupokelea na kuiacha igawe anwani kwa chumba kile peke yake. Nayo ingefaa, ila vyombo vya chumba kile vingetengwa na printa ya mwalimu. Mjukuu alisimama karibu naye, akishika tochi ya simu, ingawa taa ilikuwa ikiwaka.

Kwa kuwa neno la wizi lilikwisha kutamkwa, tulitaka lijibiwe mpaka mwisho. Tukafungua ukurasa wa ruta ya mbele unaoorodhesha vyombo vilivyoingia, tukavihesabu kimoja kimoja huku kila mtu akidai chake. Hapakuwa na cha ziada. Na hata pangekuwa na mtu mwenye pupa, intaneti ya kushirikiana haiibwi kwa namna waliyoidhania. Video moja angavu hula megabiti kama 5. Watu wawili wakiangalia pamoja wamekwisha kumi, na wa tatu atakwama kwama. Anayevuta sana huwapunguzia wenziwe mwendo, lakini hawakatii kabisa na kuwaachia alama iliyojaa. Mwendo ukiwa mdogo, kaeni mpangiane saa.

Saa tatu na robo simu ya Bi mkubwa ikalia, na uso wa mwanawe ukatokea, nyuma yake ukuta mweupe wa chumba cha wafanyakazi. Sisi wanaume tukatoka barazani kuwaacha. Kulikuwa na baridi ya Mlima Kenya ambayo kanzu haiizuii.

Kijana fundi alikuwa amekwisha kulipa amana ya chumba kingine upande wa Makutano, na mwenye chumba hicho hakukubali kuirudisha. Bi mkubwa alimwita asubuhi yake, mbele yetu, akamwambia, "Nimekukosea, mwanangu, na nimekusema kwa watu," akamwomba abaki, na akajitolea kumlipa amana ile kutoka katika kodi. Alijibu kwa adabu kwamba amesamehe, na hela asizitoe. Alihama tarehe ileile ya notisi. Mjukuu ndiye aliyembebea godoro mpaka kwenye gari. Kabla ya kuondoka alibadilisha nenosiri, kwa kuwa, alisema, mpangaji akitoka ni haki nenosiri libadilike, na akaandika kwenye kadibodi ya lile boksi la Embu anwani za ruta zote mbili na tundu la kila kebo, akaibandika ukutani juu ya kisanduku cha mbele.

Tumewasiliana na Bi mkubwa juma hili. Mtandao haujakatika. Chumba kile bado hakina mpangaji, anasema hajakitangaza.